Waya wa fedha, waya wa shaba: sikio linasikia nini?

Muuza spika anayesifu waya wa fedha hasemi uongo mtupu. Katika metali zote, fedha ndiyo inayopitisha umeme vizuri zaidi. Ila inaizidi shaba kwa kama asilimia 6 tu. Dhahabu, ambayo wengi hudhani ndiyo bingwa, iko nyuma ya shaba. Hupakwa kwenye pini kwa sababu haishiki kutu.

Tupige hesabu. Waya wa shaba wa mita 3, wenye unene wa milimita 2.5 za mraba, kwenda na kurudi una ukinzani wa omu 0.040. Wa fedha una 0.038. Spika yenyewe ni omu 8. Ukiukata waya wako wa shaba sentimita 16, umeshaufikia ule wa fedha, bila kutoa hata senti. Na ile “shaba isiyo na oksijeni” inayoandikwa kwa mbwembwe kwenye maboksi? Huishinda shaba ya kawaida ya nyaya kwa takriban asilimia 1.

Kinachosikika ni urefu na unene. Vuta mita 10 za waya mwembamba wa milimita 0.75 za mraba hadi kwenye spika ya omu 4, nawe unapoteza karibu desibeli 1. Tena haipotei kwa usawa, kwa kuwa ukinzani wa spika hupanda na kushuka kufuata sauti inayopigwa, besi au nyembamba.

Metali ya kuiogopa ni alumini iliyovikwa shaba. Nje nyekundu, ndani nyeupe, bei poa. Mita zile zile 10 sasa zinakaribia omu 0.7, na nyuzi zake hukatika upesi zikipindwapindwa. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: weupe ukitokeza, umeuziwa alumini. Kwenye waya wa antena ya televisheni haina shida, maana huko umeme hupita juujuu, kwenye shaba yenyewe. Kwenye spika, hapana.

Wanaoapa kwamba wamesikia tofauti ya fedha hawadanganyi. Ubongo husikia pia bei. Isitoshe, sauti iliyozidi kidogo tu huonekana safi zaidi, ndiyo maana jaribio la haki husawazisha kwanza ukubwa wa sauti na kuficha waya. Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe aliyeishi Marekani, aliahidi dola milioni moja kwa atakayetofautisha waya wa zaidi ya dola 7,000 na wa kawaida bila kuuona. Jaribio lenyewe halikufanyika.

Kwa waya unaotoka kwenye simu kwenda kwenye amplifaya, metali haina neno kabisa, kwa kuwa amplifaya huweka ukinzani wa maelfu ya omu na umeme unaopita ni kiduchu. Ukisikia mvumo hapo, kagua pini iliyolegea au ule wavu wa shaba unaozunguka waya wa ndani: mara nyingi umekatikia shingoni, pale waya unapoingia kwenye pini.