Ahadi Ni Deni: Mshahara wa Mwalimu Hupunguaje?

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwalimu wa shule ya umma ameinama miaka nenda miaka rudi, lakini hicho cha mvunguni mara hukipata nusu, mara hukikosa kabisa. Na akilalamika, husikii ila watu kwenye stendi za matatu, kuanzia Kibera hadi Kawangware, wakisema ati walimu wa siku hizi wanapenda migomo kuliko chaki. Jamani, kabla ya kumhukumu mtu tujue kwanza kilichompata. Mshahara wa mwalimu hupungua kwa njia nne, wala si zote zilizo na dhuluma.

Njia ya kwanza ni makato ya kisheria. Mwalimu hulipa kodi ya mapato kama wafanyakazi wengine. Hukatwa pia asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, na tangu Oktoba 2024 asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii. Tena mpango mpya wa pensheni ulioanza Januari 2021 uliwakata walimu wenye umri wa chini ya miaka 45 asilimia 2 mwaka wa kwanza, asilimia 5 mwaka wa pili, na asilimia 7.5 kuanzia mwaka wa tatu. Makato haya yana sheria nyuma yake, na hayo ya pensheni ni akiba ya mwalimu mwenyewe, ambayo serikali nayo huiongezea. Lakini mwenye nyumba akibisha mlango tarehe tano, huwezi kumwambia angoje pensheni.

Njia ya pili ni ahadi isiyotimizwa. Mnamo Oktoba 1997, miezi michache tu kabla ya uchaguzi mkuu, walimu walifanya mgomo wakiongozwa na Chama cha Kitaifa cha Walimu (KNUT), ambacho katibu mkuu wake alikuwa Ambrose Adeya Adongo. Serikali ilikubali kuwaongeza kati ya asilimia 150 na 200, nyongeza hiyo ilipwe kidogo kidogo kwa miaka mitano. Awamu ya kwanza ililipwa. Uchaguzi ulipopita, serikali ikasema haina pesa! Walimu wakagoma tena 1998 na 2002, na ni mwaka 2003, chini ya serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki, ndipo salio lilipoanza kulipwa kwa awamu. Hapa mwalimu hakukatwa hata senti moja kwenye karatasi yake ya mshahara. Hata hivyo, bei za unga na sukari hazikumngoja.

Njia ya tatu ni kazi moja, mishahara miwili. Mwezi wa Julai 2019, baada ya uamuzi wa mahakama, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) iliwaondolea wanachama wa KNUT nyongeza iliyotoka kwenye mkataba wa 2016, huku wenzao wasio wa chama hicho wakiendelea kuipata. Fikiria walimu wawili wanaokaa meza moja katika chumba cha walimu, wenye cheo kimoja, mmoja akipata zaidi ya mwenzake kwa sababu ya kadi ya chama tu. Walimu wengi walikihama chama hicho.

Kisha wakaja walimu wanagenzi. Hawa walikuwa wamehitimu na kusajiliwa, wakafundisha vipindi kama wengine, lakini wale wa sekondari ya msingi walipewa Sh20,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Aprili 17, 2024 Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba kuwaajiri hivyo kulikiuka haki yao. Mwezi uliofuata wengi waligoma, na Januari 2025 walimu 46,000 waliokuwa wanagenzi wakaandikwa kazi ya kudumu.

Njia ya nne ni kukosa mshahara kwa kugoma. Juni 2015 mahakama iliwapa walimu nyongeza ya asilimia 50 hadi 60. Hawakulipwa, wakagoma Septemba kwa muda wa wiki tano, na mshahara wa mwezi huo wakanyimwa. Novemba, Mahakama ya Rufaa ikaifuta nyongeza yenyewe. Serikali nayo ina hoja yake: walimu ni wengi mno, na kila shilingi wanayoongezewa hutoka kwa mlipa kodi. Hoja hiyo ni nzito. Lakini Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki na haki ya kugoma.

Haya, sasa mtauliza, Kibera na Kawangware zinahusikaje? Elimu ya msingi ya bure ilipoanza Januari 2003, shule za umma kama Olympic pale Kibera zilifurika watoto. Mwalimu mmoja alibeba darasa ambalo zamani lingegawiwa walimu wawili. Kawangware nayo imepakana na Lavington. Shule za umma zikifungwa kwa mgomo, mzazi wa Lavington ana pesa za kumpeleka mwanawe shule ya kibinafsi au kumwajiri mtu wa kumfunza nyumbani. Mama anayetoka Kawangware alfajiri kwenda kuwafulia watu nguo hana njia nyingine. Mwanawe hushinda nje akicheza, na siku ya mtihani atapewa karatasi ile ile ya mtoto wa Lavington. Wapiganapo fahali wawili, nyasi ndizo huumia.

Kwa hiyo mwenzangu, ukisikia kwamba mwalimu amekatwa mshahara, usikimbilie kulaumu wala kutetea. Uliza kwanza: amekatwa kwa sheria gani? Je, ameahidiwa nini na hakupewa? Je, mwenzake wa kazi ile ile anapata ngapi? Majibu ndiyo yatakayokuonyesha kama ni makato ya kawaida au ni dhuluma.

Nami namalizia hapo. Ahadi ni deni, na deni la mwalimu lisipolipwa, mtoto wa mtaa wa mabanda ndiye hulilipa kwa masomo yake.