Wanawake wa Lelemama: Vyeo, Madeni na Kadi za Chama (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia pale beni ilipoingia Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, vijana wakaanza kuandamana kwa matarumbeta na gwaride mithili ya askari wa Kizungu. Tuliwaacha wanaume barabarani. Leo tuwatazame dada zao na wake zao, maana huko ndiko mambo yalikokolea.

Lelemama si ngoma ya kutoa jasho. Wanawake husimama safu moja, mara nyingi juu ya mabenchi ili waonekane, wamevaa sare, kila mmoja kashika pembe na kijiti. Pembe hugongwa kwa pamoja. Mabega na shingo hutikisika kidogo tu, na uso unatulia kana kwamba umati uliojazana uani haupo. Kujirusharusha ni utovu wa adabu. Mgeni angetazama kwa robo saa akachoka, kwa kuwa utamu wenyewe ulikuwa kwenye maneno ya nyimbo, na ndani ya chama kilichowapandisha wale wanawake kwenye mabenchi.

Mombasa, vyama hivyo vilikwenda viwiliviwili. Chama cha Kingi kilikuwa na mpinzani wake, Skochi, kama ilivyokuwa kwenye beni ya wanaume. Baadaye vikaja Banu Saada na Ibinaal Watan. Chama bila mshindani hakikuwa na maana yoyote. Wakipika hawa, lazima wale wapike zaidi. Hawa wakitoka na leso mpya, wale hulala macho wakitafuta nyingine iliyo bora.

Vyeo waliviazima kwa watawala: kwini juu, na chini yake makapteni na majenerali. Watu wengi hucheka wakisikia habari hii, wakasema ni kuiga Wazungu tu. Mimi sikubaliani nao. Jina la cheo lilikuwa la Kizungu, lakini njia ya kukipata ilikuwa ya Kiswahili kabisa: kulisha watu. Mwanamke aliyetaka kupanda daraja alikilisha chama, wali na nyama hadi watu washibe na mengine yabaki, na wenzake wakashuhudia. Aliyekula leo ana deni la kesho. Kwa hiyo palihitajika watu wa kukumbuka nani katoa nini, nani bado, sare imefika bei gani na kila mtu anadaiwa kiasi gani. Wengi wao hawakuwa wamekanyaga skuli ya serikali, lakini hesabu hiyo hawakuikosea, na aliyejaribu kuwakwepa alitafutwa mpaka mlangoni.

Hasara ilikuwepo, tusiifiche. Dhahabu ziliwekwa rehani kwa ajili ya mashindano, na wako waume walioona mali ikiyeyuka sufuriani. Masheikh walilalamika, na hawakulalamika bure. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah hapo Mombasa mwaka 1932, alikuwa mkali sana juu ya israfu na juu ya Waislamu kuiga ovyo mambo ya Wazungu. Ukisoma lawama za wakati ule peke yake utadhani wanawake wa mji walikuwa wameshikwa na wazimu wa kushindana. Ndiyo sababu nawahimiza wasomaji wakitafute kitabu cha *Wanawake Watatu wa Kiswahili*, kilichokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel, ambamo wanawake watatu wa Mombasa wanasimulia maisha yao kwa vinywa vyao wenyewe.

Nyimbo nazo zilikuwa mahakama. Mtu akifanya la aibu mtaani, hakutajwa jina. Alitungiwa fumbo, likaimbwa mbele ya halaiki, na kila aliyekuwepo akajua nani kapigwa. Aliyepigwa hana pa kushtaki, maana akilalamika amekiri. Alichoweza ni kuomba chama chake kimjibie, na hapo majibizano huenda msimu mzima.

Tukumbuke pia ni mji gani huo. Utumwa ulifutwa kisheria katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907. Waliokuwa watumwa na waliokuwa mabibi zao waliendelea kuishi mitaa ileile, wakijuana nasaba mpaka babu wa tatu. Ndani ya lelemama, mwanamke asiye na ukoo wa kutajika aliweza kupata cheo kwa kutoa, kwa sauti yake, au kwa kipaji cha kutunga. Sisemi kwamba nasaba ilisahauliwa. Mombasa haisahau nasaba. Ila palikuwa na ngazi nyingine ya kupandia.

Mazoea hayo ya chama hayakuishia kwenye ngoma, yaliingia hata kwenye siasa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wanawake wa Kiarabu wa Mombasa walipoona wameachwa nje ya haki ya kupiga kura, walikusanya saini wakaidai. Na vilipozuka vyama vya wanawake wa Kiislamu vya kushughulikia elimu na ustawi, ushindani wa zamani uliingia navyo mlangoni.

Dar es Salaam habari iko wazi zaidi. TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na kwa muda ikawa chama cha wanaume. Mwaka 1955 alifika John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza, akauliza tawi la wanawake liko wapi. Halikuwapo. Aliyeitwa kuliunda hakuwa mwalimu wala karani, bali mwimbaji wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba: Bibi Titi Mohamed, wakati huo hajafika miaka 30. Hakuanza na hotuba za uwanjani. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja baada ya mwingine, nao wakawaita watu wao. Kwa miezi michache ya mwaka huo wanawake wapatao 5,000 wa mjini walichukua kadi, na wengi wao walikuwa wauza vitumbua, wapika pombe na mama wa nyumbani.

Watu hushangaa kasi hiyo. Mimi ningeshangaa kama ingekuwa polepole. Mwanamke aliyezoea kutoa mchango wa sare, kufika kwa saa iliyopangwa na kutii amri ya kwini wake hakuhitaji kufundishwa maana ya kadi, ada na mkutano. TANU ilivikuta vyama vikiwa vimekwisha kuundwa, vina hazina na vina wakuu wake.

Baada ya uhuru, mwaka 1962, jumuiya za wanawake ziliunganishwa kuwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika (UWT), Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Humo hakukuwa tena na chama cha pili cha kushindana nacho. Namna jambo hilo lilivyobadili ngoma zenyewe, na kwa nini Unguja lilikwenda njia nyingine, tutaliangalia juma lijalo.