TUWAFUNDISHE WATOTO KUHESABU MAJI

Ndugu wafanyakazi,

Katika kambi za mashamba ya chai na miwa hapa Uganda, mara nyingi anayeijua taabu ya maji ni mtoto. Yeye ndiye anayeamshwa alfajiri kwenda na jerikeni, anayepanga foleni bombani, na anayechelewa shuleni. Akifika darasani huambiwa: "Usipoteze maji." Neno hilo ni jema, lakini halitoshi. Sisi wa kamati ya elimu ya tawi tunaona yafaa mtoto afundishwe kuhesabu.

Kwanza, uzito. Jerikeni ya kawaida ni lita 20, na lita moja ya maji ni kilo moja. Basi jerikeni iliyojaa inapita kilo 20. Huo si mzigo wa mtoto wa darasa la pili. Yeye apewe chombo cha lita 5.

Pili, matumizi ya nyumbani. Mtoto aandike katika daftari, kwa siku saba, jerikeni ngapi zimeingia nyumbani na kila moja imefanya kazi gani: kunywa, kupika, kuoga, kufua. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba mtu anayepata lita 20 kwa siku anaweza kunywa, kupika na kunawa, lakini kuoga na kufua ni kwa shida. Watu 6 basi wahitaji jerikeni 6 kila siku. Nyumba ya watu 6 inayopata jerikeni 3 haipotezi maji, bali imepunjwa.

Tatu, bomba linalovuja. Watoto waweke kopo la nusu lita chini ya bomba. Likijaa kwa saa moja, ni lita 12 kwa siku, na kwa siku 30 ni lita 360, yaani jerikeni 18. Mtoto aliyeona hesabu hiyo kwa macho yake hatasahau kufunga bomba.

Nne, kutumia maji mara mbili. Maji ya kusuuzia nguo yasafishe sakafu, na ya kuoshea mboga yaende kwenye migomba. Lakini tusibane matumizi mahali pasipofaa: kunawa kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kula kusipunguzwe hata siku moja. Na jerikeni iliyowahi kutiwa dawa ya kupulizia mimea isitiwe maji ya nyumbani kamwe, hata ikioshwa mara kumi.

Tano, mvua. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la bati la mita za mraba 30 likinyeshewa milimita 10 hupokea lita 300, yaani jerikeni 15. Bila mifereji ya paa na tangi, maji hayo yote hupotelea matopeni, na kesho yake mtoto anarudi kwenye foleni.

Hapa ndipo somo la mtoto linapokuwa kazi ya chama. Mtoto anaweza kufunga bomba, lakini hawezi kununua tangi. Nyumba za kambi ni za mwajiri, na mifereji yake ni juu ya mwajiri. Mkataba nambari 110 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wafanyakazi wa mashamba makubwa, unataja maji miongoni mwa mambo ya kuwekewa kanuni katika makazi yao. Umoja wa Mataifa nao ulitamka mwaka 2010 kwamba maji safi ni haki ya binadamu.

Kwa hiyo, ndugu, madaftari ya watoto yasitupwe. Wazazi wayapeleke kwa wajumbe wa tawi, na wajumbe wajumlishe hesabu za kambi nzima. Tukienda kuzungumza na mwajiri tukisema "maji ni haba", atajibu kwamba tunayapoteza. Tukienda na hesabu ya kila nyumba, siku kwa siku, atalazimika kujibu hesabu.

Tumfundishe mtoto kutunza maji, nasi tuyadai yale anayostahili kupata.

Umoja ni nguvu.