Unataka kugeuza banda la mashine kando ya korongo liwe nyumba ya mapumziko? Pima mita 60 kwanza

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, mtu anaweza kutoka Dar es Salaam asubuhi na mchana akawa ameshafika. Haishangazi basi kusikia mtu akisema anatafuta kajumba ka kupumzikia huko Mpwapwa, Bahi au Kondoa.

Moja ya majengo yanayovutia ni banda la mashine ya kusaga ya dizeli, lililoachwa baada ya umeme kufika kijijini na mwenyewe kuhamia kwenye mota. Kuta zipo, sakafu ya zege ipo, na mbele kuna korongo lenye mchanga mweupe. Unaona kama umeokota dodo.

Kabla hujatoa hela, soma haya.

Mto mkavu haujafa

Mito mingi ya Dodoma ni ya mchanga. Sehemu kubwa ya mwaka ni mikavu, watoto wanachezea mpira humo. Lakini kati ya Desemba na Aprili, mvua ikinyesha milimani, korongo linaweza kujaa hata kama hapo ulipo halijadondoka tone.

Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, mafuriko yalivunja Reli ya Kati kati ya Gulwe, wilayani Mpwapwa, na Kilosa, safari za treni zikasimama. Reli hiyo ilikuwepo hapo karibu miaka 100. Kama maji yaliweza kung'oa reli, banda la tofali hayalionei huruma.

Waulize wazee wa hapo: maji yaliwahi kufika wapi? Kingo zimeliwa kiasi gani? Angalia pia alama za tope ukutani.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Korongo kuwa kavu mwezi Agosti siyo kibali.

Wakazi wa Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, wanaijua vizuri habari hii. Desemba 2015 nyumba nyingi zilichorwa X nyekundu na nyingine zikabomolewa.

Usijidanganye kwamba jengo lilikuwepo siku nyingi, kwa hiyo uko salama. Uliza halmashauri na NEMC, na majibu uyapate kwa maandishi. Ukitaka kuchimba kisima kirefu, nenda pia Bodi ya Maji ya Bonde.

Ardhi ni ya nani?

Kuuziwa banda siyo kuuziwa ardhi. Kama ni ardhi ya kijiji, inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Karatasi mliyoandikiana wewe na muuzaji chini ya mwembe haitoshi. Anza kwa mtendaji wa kijiji, uliza mkutano wa kijiji unahusika vipi, na fuatilia hati ya hakimiliki ya kimila.

Jengo lenyewe

Ukishavuka hayo, mwite fundi. Mambo matatu ya kukagua:

- Dizeli na oili: sakafu iliyolowa mafuta haishiki rangi wala sakafu mpya. Sehemu hiyo ivunjwe na kumwagwa zege jipya.
- Mchwa: gonga boriti zote. Ukisikia sauti ya uwazi, badilisha.
- Kuta za udongo: lipu ya saruji juu ya tofali mbichi huzuia unyevu kutoka, baadaye hubanduka. Lipu ya udongo au chokaa inakaa vizuri zaidi.

Paa la bati tupu litakuchoma mchana. Wagogo walilijua hilo zamani: tembe lina kuta nene na paa la udongo, hivyo ndani kuna ubaridi jua likiwaka na joto usiku wa Juni. Weka dari, na acha nafasi ya hewa kupita juu yake.

Na kama liko ndani ya mita 60?

Usilikarabati. Kama wenyewe wamekubali kukuuzia vifaa, chukua mabati, milango na tofali nzima, ukajenge juu zaidi, nje ya mpaka huo. Korongo utaliona vilevile kutoka barazani, na mvua za Januari zikija utalala usingizi.