Sura ya 6: Herufi Zenye Utani

Mwaka 1994 Vincent Connare, mbunifu wa herufi katika kampuni ya Microsoft, alifungua toleo la majaribio la programu iliyoitwa Microsoft Bob. Ililenga familia zisizozoea kompyuta, na humo mbwa wa katuni alimwelekeza mtumiaji. Maneno ya mbwa huyo, hata hivyo, yaliandikwa kwa Times New Roman, herufi zilizobuniwa kwa ajili ya gazeti la London. Connare aliona kichekesho: mbwa anazungumza kama mhariri. Akavitazama vitabu vya katuni alivyokuwa navyo ofisini, ambavyo maneno yake huandikwa kwa mkono, akaanza kuchora kwenye skrini. Ndivyo ilivyozaliwa Comic Sans.

Haikuwahi kuingia ndani ya Bob. Vipimo vya programu vilikwishapangwa kwa kufuata Times New Roman, na herufi mpya zilihitaji nafasi kubwa zaidi. Ilikuja kusambaa pamoja na Windows 95, ikafika mashuleni, madukani na maofisini.

Utani wake unatoka wapi? Mistari ina unene unaokaribiana, kama ya kalamu ya wino mzito. Ncha ni za mviringo. Nguzo za herufi hazikunyooka sawasawa. Na “a” ni ile ya mtoto anayejifunza kuandika. Jicho huhisi kwamba kuna mtu nyuma ya maandishi.

Hisia hiyo huvunjwa na marudio. Mkono wa binadamu hauandiki “a” mbili zinazofanana kabisa. Fonti ya kawaida huitoa ileile kila mara. Kwa Kiswahili siri hufichuka mapema, maana “a” imejaa kila mahali: andika “baba” au “harakaharaka” uone. Fonti zilizotengenezwa kwa uangalifu huwa na maumbo mawili au matatu ya kila herufi, na kompyuta huyapokezanisha. Kagua pia alama ya king'ong'o katika “ng'ombe”. Isiache pengo linalolikata neno vipande viwili.

Kwa hiyo herufi hizi zitumie kwa ukubwa na kwa maneno machache: kichwa cha kitabu cha watoto, kadi ya siku ya kuzaliwa, bango la aiskrimu. Aya ndefu zipe fonti tulivu.

Pima pia uzito wa tukio. Tarehe 4 Julai 2012, mwanafizikia Fabiola Gianotti alipowasilisha katika maabara ya fizikia ya CERN ushahidi wa chembe ya Higgs, slaidi zake zilikuwa za Comic Sans, na watu wengi waliijadili fonti badala ya fizikia. Ugunduzi haukupungua thamani, ila umakini wa watazamaji uligawanyika. Kwenye tangazo la msiba au maelekezo ya dozi ya dawa, mgawanyiko kama huo una gharama kubwa zaidi.