Nani Avutaye Nyuzi? Vikaragosi vya Wael Shawky na Usimulizi wa Historia

Katika Kiswahili, kumwita mtu kikaragosi ni kumtusi. Ni kudai kwamba hana hiari, na kwamba ulimi na viungo vyake vinaongozwa na mwingine aliyejificha. Sauti ya neno hilo inakaribiana na Karagöz, mhusika wa michezo ya vivuli ya Waturuki, na aragoz, kikaragosi cha mkononi cha Wamisri ambacho sanaa yake iliorodheshwa na UNESCO mwaka wa 2018 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Makala haya yanamwangazia Mmisri aliyeligeuza tusi hilo kuwa mbinu ya kisanaa.

Wael Shawky alizaliwa Alexandria mwaka wa 1971. Ni mchoraji, mchongaji na mtengenezaji wa filamu. Tarehe 31 Januari 2015, jumba la sanaa la MoMA PS1, lililomo katika jengo lililokuwa shule ya umma huko Queens, New York, lilifungua maonyesho yake yaitwayo Cabaret Crusades. Kiini chake kilikuwa filamu tatu: The Horror Show File (2010), The Path to Cairo (2012) na The Secrets of Karbala (2015). Vikaragosi vyenyewe pia viliwekwa mbele ya watazamaji, vikiwa kimya, nje ya hadithi.

Filamu hizo zinasimulia Vita vya Msalaba, tangu mahubiri ya Papa Urban II huko Clermont mwaka wa 1095 hadi kutekwa kwa Konstantinopoli mwaka wa 1204. Chimbuko lake ni kitabu cha Amin Maalouf, mwandishi mzaliwa wa Lebanoni, kilichochapishwa mwaka wa 1983, ambacho kinavitazama vita hivyo kupitia maandishi ya Waarabu wa zama hizo. Hivyo basi, aliyezoeleka kuwa adui katika masimulizi ya Ulaya ndiye anayeshika usukani wa usimulizi. Hata Papa na wafalme wa Ulaya huzungumza Kiarabu fasaha.

Malighafi nayo ina maana. Filamu ya kwanza ilitumia vikaragosi vikongwe vya mbao kutoka mkusanyo wa Lupi wa Turin. Ya pili, vya udongo wa kuchomwa vilivyotengenezwa Aubagne, Ufaransa. Ya tatu, vya kioo cha Murano, kisiwa cha Venisi. Ikumbukwe kwamba mahubiri ya mwaka wa 1095 yalitolewa Ufaransa, na kwamba merikebu za Venisi ndizo zilizowabeba walioiteka Konstantinopoli. Kadiri hadithi inavyosonga, ndivyo miili inavyozidi kuwa dhaifu. Mfalme wa kioo haanguki mara mbili.

Hata hivyo, Shawky habadilishi tu zamu ya anayelaumiwa. Watawala Waislamu nao wanasalitiana na kuuana, na nyuzi zao zinaonekana waziwazi kama za Wafaranki. Mtazamaji hafichwi kwamba kila kauli ina mkono nyuma yake.

Suala hili si geni katika fasihi ya Kiswahili. Utendi wa Tambuka, unaohusishwa na Mwengo wa Athumani wa Pate na mwaka wa 1728, unasimulia vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi, kwa mtazamo wa upande mmoja. Aghalabu uhakiki huuliza utendi huo umetungwa vipi; ni nadra kuuliza Herekali angesimulia nini.

Kwa kuhitimisha, funzo la maonyesho hayo ni kwamba hakuna usimulizi usio na nyuzi, wa Shawky mwenyewe ukiwemo. Msimulizi mwaminifu huziacha nyuzi hizo zionekane. Jukumu la mhakiki ni kuzifuata hadi kwenye mkono unaozivuta.