Kovu la Kwanza, Mtoto wa Pili: Kweli au Uongo?

Mwaka 2000, wanawake 19 kati ya kila 100 waliojifungulia Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walipasuliwa. Mwaka 2011 walifika 49. Muhimbili hupokea kesi ngumu za jiji zima, kwa hiyo hesabu hiyo si ya kila hospitali. Hata hivyo, kwenye benchi la kliniki, iwe Mwananyamala au Mbagala Rangi Tatu, si ajabu tena kukaa jirani na mjamzito aliyewahi kupigwa kisu. Na ushauri hapo ni wa bure, wenye kweli na wenye chuya. Tuupepete.

"Ukipasuliwa mara moja, utapasuliwa kila mara." Uongo, tena mkongwe. Aliyeutamka ni daktari Edwin Cragin wa New York, mwaka 1916, enzi ambazo mfuko wa uzazi ulichanwa wima, juu kwenye misuli minene. Hata yeye, papo hapo, alimtaja mgonjwa wake aliyezaa watoto watatu baada ya operesheni bila shida. Hilo watu walilisahau haraka. Siku hizi mkato wa kawaida ni wa ulalo, chini, mahali pembamba. Wenye kovu moja la namna hiyo wakijaribu njia ya kawaida, kama 60 hadi 80 kati ya 100 hufanikiwa, na aliyewahi kuzaa kawaida ana nafasi kubwa zaidi.

"Kovu langu limelala, basi niko salama." Huu ndio uongo unaonitisha kuliko yote. Kovu unaloliona ni la ngozi. Ngozi inaweza kuchanwa kwa ulalo huku mfuko ukichanwa wima, hasa kama mtoto alikuwa njiti au amekingama, na kovu la wima la juu ni rahisi zaidi kufunguka wakati wa uchungu. Jibu liko kwenye maelezo ya operesheni, si kwenye kioo cha chumbani. Kadi iliyoandikwa tu kwamba mama alipasuliwa haimsaidii daktari atakayekupokea usiku. Kabla ya kuruhusiwa, omba uandikiwe mkato ulipita wapi na ulipasuliwa kwa sababu gani, kisha upige picha karatasi hiyo. Madaftari ya Dar huishia kwenye mafuriko.

"Niliambiwa njia yangu ndogo." Inategemea. Kama nyonga ilivunjika kwenye ajali ya bodaboda, daktari ana la kupima. Lakini mara nyingi aliyekwama ni mtoto yule, siku ile: kichwa kilikaa vibaya au uchungu ulikuwa dhaifu. Wa pili anaweza kupita vizuri.

"Operesheni ya pili ni salama kuliko kusukuma." Nusu kweli. Kwa mwenye kovu moja la chini ambaye uchungu umeanza wenyewe, kovu hufunguka kwa kama mmoja kati ya 200. Ni nadra, ila likitokea mama na mtoto huwa hatarini ndani ya dakika chache, na operesheni ya kupangwa huikwepa hatari hiyo karibu yote. Gharama yake huja baadaye. Utafiti wa Marekani wa wanawake zaidi ya 30,000, uliochapishwa mwaka 2006, uliangalia wale ambao kondo la nyuma limeziba mlango wa uzazi. Kwenye operesheni ya kwanza, kondo lilikuwa limejichimbia kwenye mfuko kwa 3 kati ya 100. Kwenye ya pili walikuwa 11, na kwenye ya tatu 40. Hapo mama huvuja damu nyingi, na mara nyingi mfuko hutolewa. Kwa hiyo anayetaka watoto wawili na anayetaka watano hawapigi hesabu moja, na wifi asiwapigie.

"Kaa nyumbani mpaka uchungu ukolee." Uongo kwa mwenye kovu. Zahanati ya mtaani haina chumba cha upasuaji, na kutoka Chamazi au Bunju kuna foleni. Ondoka uchungu unapoanza. Dawa za mitishamba za kuongeza uchungu usiziguse, wala vidonge vya kununua kichochoroni, kwa sababu hukaza mfuko bila kipimo. Hata hospitalini, kuanzishiwa uchungu kwa dawa hupandisha hatari ya kovu kufunguka mara mbili hadi tatu.

"Mwache kwanza huyu akue." Kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri miezi 24 kati ya kujifungua na kushika mimba nyingine. Bibi alikuwa sahihi.

"Anayechagua kisu ni mwoga." Uongo. Kabla ya wiki ya 36, uliza hospitali unayotarajia kujifungulia: usiku wa manane kuna daktari wa kupasua? Damu ipo? Nani atasikiliza mapigo ya mtoto mara kwa mara, wodi ikijaa? Majibu yakiyumba na hospitali nyingine huifikii, operesheni ya kupangwa, karibu na wiki ya 39, ni uamuzi wenye akili.